Abiria Asiyesafiri

Mama Winifrida amepanda daladala nyingi kuliko mtu yeyote unayemjua, na hakuna hata moja iliyomfikisha popote. Usinitazame hivyo, sikutanii. Kila siku ya Mungu, ukitoa Jumapili ambayo ni ya misa, mama huyu alikuwa anapanda gari pale kituoni Gerezani, Kariakoo, anakaa dirishani, anaweka pochi mapajani na kutazama nje kwa uso wa mtu mwenye haraka ya kufika kwake. Gari likikaribia kujaa, anashuka. Anakwenda kupanda jingine.

Ndiyo kazi yake. Kama wewe ni mtu wa Dar huna haja ya kuelezwa, lakini nitaeleza, maana wapo wanaojifanya hawajui. Sisi watu wa mji huu hatupandi gari tupu. Tuletee gari zuri, viti vizima, redio inaimba, likiwa tupu tutaliangalia tu na kupita, kwa sababu tunajua tutakaa humo mpaka tuote mizizi. Lakini tukiona vichwa vitano sita ndani, ooh, hapo tunakimbia na kusukumana tusikose kiti. Kwa hiyo wapiga debe hutafuta vichwa. Wengi huweka vijana wao wa kijiweni, na vijana wenyewe ni wale ambao akikaa mmoja karibu yako unaishika simu kwa mikono miwili. Mama Winifrida alikuwa kitu kingine kabisa. Mama mtu mzima, kitenge kimepigwa pasi, kikapu cha sokoni chenye mchicha juu. Mchicha ulikuwa ule ule tangu asubuhi, ukianza kunyauka anaunyunyizia maji. Sasa nani angemtilia shaka mama kama huyo?

Pale kituoni walimwita Bi Harusi, kwa sababu anakaa tu akitazamwa. Samson, mpiga debe mkuu wa upande ule, akitaka ashuke hakumwambia shuka. Alipiga bodi la gari na kusema, "Bi Harusi, kiti!" Hapo mama anainuka na kisingizio chake. "Jamani, nimesahau simu dukani!" Abiria wanampisha kwa huruma, mteja wa kweli anakaa pale pale pakiwa bado pana joto lake.

Hakuzaliwa akiifanya kazi hiyo. Alikuja mjini kutoka Rombo akiwa mke wa Gaudens, mwenye duka la vyombo, na Gaudens alipofariki duka likaenda na ndugu zake. Mama akapata kazi kwa Alpa, Mhindi mwenye duka la vitenge Mtaa wa Uhuru, akakunja na kukunjua vitambaa kwa miaka mingi tu, wakizoeana hata wakawa wanagawana chakula cha mchana. Kisha biashara ikalegea. Wateja wakawa wananunua kwenye simu. Siku Alpa alipomwambia kwamba hawezi tena, walilia wote wawili, na Mama Winifrida akaenda kituoni akapanda gari la kwanza aliloliona, tupu, akakaa dirishani na kujifuta macho. Gari likajaa upesi kuliko kawaida. Samson aliona. Kesho yake alipomwona tena akamwendea, akamwamkia kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, ukae na kwenye lile la nyuma, nitakupa cha soda."

Basi, cha soda kikawa mshahara.

Aibu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa Kimara. Jovitha, binti yake wa pekee, alikuwa anauza dawa kwenye famasi moja huko Upanga, na aliamini mama yake bado yuko kwa Alpa. Akipiga simu mchana, mama anajibu, "Niko dukani, mwanangu, kuna wateja," na kweli nyuma yake kuna kelele za watu. Sikukuu zikija anamnunulia kitenge na kumwambia ni zawadi ya Alpa. Jovitha alikwenda na kurudi kwa mabasi ya mwendokasi, njia zake na kituo cha Gerezani hazikukutana kabisa, kwa hiyo uongo ukastawi bila kusumbuliwa na mtu.

Na sasa Jovitha alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na tangu siku ile Mama Winifrida alikuwa na dua moja tu asubuhi na jioni, kwamba hii ya pili ifike. Hakutaka kingine duniani. Tumbo lilipokuwa kubwa alianza kumsumbua binti ahamie kwake, chumba chake cha kupanga pale Ilala, mpaka ajifungue, maana Kimara ni mbali na hospitali aliyoandikishwa ni ya mjini. Jovitha alikataa, ana mume, ana nyumba. Mama akaanza kubuni. Akasema maji ya Kimara yana ugonjwa. Akasema ameota ndoto mbaya. Juma moja akapiga simu akisema kifua kinambana, hawezi kusimama, na Jovitha akaja anahema na tumbo lake, akamkuta mama yake anakula makange ya samaki na kuangalia tamthilia. Loo! Hawakusemeshana siku nzima.

"Mama, siku utakayoumwa kweli sitakuja," Jovitha alimwambia. "Ujue hivyo."

Akacheka aliposema. Mama hakucheka.

Kisha mvua zikaja. Hazikuwa za kunyesha na kuacha, zilikuwa za kukaa. Maji yakafunga bonde la Jangwani, na Jangwani ikifungwa mji unakatika vipande viwili, huku na kule. Mabasi ya mwendokasi yakasimama. Adhuhuri ilipofika Kariakoo ilikuwa imejaa watu waliotoka kazini mapema wakidhani wataiwahi foleni, na foleni haikuwepo kwa sababu magari hayakuwepo. Wenye maduka walikuwa wanafunga milango. Umeme ulikatika, na mchana ukawa na rangi ya moshi. Mtaani maji ya kahawia yalikuwa yanapita na ndala, maganda ya machungwa na ndoo ya mtu, taratibu, bila kelele. Watu walisimama barazani wakiyatazama na kuzungumza chini chini.

Mama Winifrida alimpigia binti yake. "Usiende Kimara leo. Toka kazini, njoo Ilala, nimekwambia."

"Nitaona, Mama."

"Hakuna kuona! Jangwani imefungwa."

"Nimesikia. Nitaona usafiri," Jovitha akasema, na simu ikakatika. Alipopiga tena hakupatikana, mtandao nao ulikuwa umelowa.

Alimjua binti yake. Angejaribu.

Magari machache yaliyofika kituoni yalikuwa na tabia ya siku za mafuriko. Yanapaza sauti Kimara, Kimara, yanapokea nauli mara mbili ya kawaida, kisha yakifika Kigogo yanakata ruti na kumwaga abiria kwenye matope. Habari hizo zilikuwa zimeshasambaa. Kwa hiyo lilipoingia gari la Leodegar, lenye mkanda wa rangi ya ruti nyingine kabisa, mlango wake umefungwa kwa mpira wa tairi, watu walilitazama tu kutoka barazani. Leodegar mwenyewe alikuwa deiwaka, dereva wa kushikishwa gari la mwenzake kwa siku moja. Aliposimama, kabla hata hajazima injini, alimpigia kelele kijana mmoja aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Kijana akaweka.

"Kimara kupitia Kigogo! Kimara moja kwa moja!" Samson akaita. Hakuna aliyesogea. Akageuka, akamwona Mama Winifrida chini ya turubai la muuza mahindi. "Bi Harusi, tusaidie. Leo wewe tu ndiye utakayewatoa pale."

Akapanda. Ilikuwa kazi, na kazi huwezi kuikataa siku ya mvua ukaipata siku ya jua. Akachagua kiti cha dirishani nyuma ya dereva, akaweka kikapu miguuni.

Samson akaingiza kichwa mlangoni, na Leodegar akamwambia bila kupunguza sauti, "Breki inazama. Nimeongeza mafuta yake asubuhi, yameisha. Yanavuja mahali."

"Tripu moja tu. Ukifika Kimara laza gari."

"Na mteremko wa Kigogo?"

"Shuka na gia, bwana. Wewe umeanza leo?"

Leodegar alikanyaga pedali, ikashuka mpaka chini, akaikanyaga tena haraka haraka mara kadhaa, ikashika kidogo. Mama Winifrida aliyaona yote hayo. Hawakumficha, kwa nini wamfiche? Alikuwa mtu wa nyumbani. Alishasikia mengi kwenye viti hivyo, tairi limekwisha, usukani unacheza, dereva hana leseni, na siku zote alifanya alichofanya siku hiyo. Alitazama nje ya dirisha.

Mwanamke mmoja mwenye mwavuli uliovunjika akajitoa barazani, akaja mpaka chini ya dirisha. Alikuwa amebeba mfuko wa sare za shule, mpya, kwenye nailoni. "Shikamoo mama. Hili linafika kweli Kimara, au watatumwaga Kigogo?"

"Marahaba. Linafika, mwanangu," Mama Winifrida akasema. "Mimi mwenyewe nakwenda huko huko."

Uso wa yule mwanamke ukafunguka. Akageuka akawapungia wenzake, "Njooni, linafika, mama huyu anakwenda!" Na baraza zima likashuka. Walikuja wakirukia madimbwi, wakipenya mlangoni, wakipitisha watoto na mizigo madirishani. Mama Winifrida akabana magoti na kusubiri bodi ligongwe.

Mtu akajitupa kwenye kiti cha pembeni yake, mzito, anahema.

"Mama!"

Alikuwa Jovitha. Amelowa mpaka kifuani, viatu mkononi, tumbo mbele. "Shikamoo, Mama. Nimekuona kwa dirishani, sikuamini macho yangu. Kumbe unakuja kwangu?"

"Marahaba," mdomo ukajibu wenyewe.

"Ungeniambia basi! Nimetembea kutoka Upanga mpaka Faya, kutoka Faya mpaka hapa, maji yananifika magotini. Nilipoona magari haya nikasema sipandi hata moja, nakuja kulala Ilala, umeshinda. Halafu nikakuona wewe umekaa. Nikasema kama Mama amekaa, hili ni zima."

Sikia hiyo. Alikuwa anakwenda Ilala. Alikuwa ameshakubali, kwa miguu yake mwenyewe, na kilichomgeuza ni uso wa mama yake dirishani.

Mama Winifrida akashika kikapu chake. "Shuka," akasema. "Tushuke, Jovitha. Nimesahau simu dukani."

"Simu si hiyo mkononi?"

Aliitazama ile simu. Ilikuwa mkononi kweli.

"Nisikilize. Gari hili bovu. Halina breki."

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia dereva akisema."

"Umemsikia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kabla watu hawajapanda."

Jovitha akamgeukia. "Umesikia gari halina breki, na ukaendelea kukaa?"

Mkono ukapiga bodi nje, pa, pa, na sauti ya Samson ikaingia dirishani, "Bi Harusi, kiti! Bi Harusi, mpishe huyu mwenye mfuko!"

"Bi Harusi ni nani?" Jovitha akauliza.

Mlangoni alisimama yule mwanamke wa mwavuli, mfuko wa sare kifuani, akisubiri. Mama Winifrida akainuka, na kwa mara ya kwanza hakusema amesahau kitu. Aliwageukia watu wote, akashika chuma cha juu.

"Jamani, shukeni. Nawaomba shukeni. Mimi si abiria. Mimi nakaa humu ili nyinyi mpande, ndiyo kazi yangu, wananilipa. Gari hili halina breki, dereva mwenyewe kasema hapa nikisikia, na kule Kigogo kuna mteremko. Shukeni."

Mtu mmoja wa viti vya nyuma akacheka.

"Mama, kama wamekulipa ukae, nani kakulipa utushushe? Lile gari la nyuma?"

Gari zima likaangua kicheko. Wewe ungefanya nini? Mvua inamwagika, umepigania kiti mpaka kifungo kimekatika, halafu anasimama mtu aliyesema mwenyewe kwamba ni mwongo kwa malipo, anakwambia shuka. Ungeshuka?

"Si umeniambia wewe mwenyewe linafika?" akauliza yule mwanamke wa mwavuli. Aliuliza kwa kuumia, si kwa ubaya.

"Nilikudanganya, mwanangu."

"Breki ipo, wazee!" Leodegar akapaza sauti bila kugeuka. "Tazameni." Akakanyaga, na gari halikwenda popote, nalo litakwendaje, jiwe liko nyuma ya gurudumu na injini inanguruma tu? Watu wakapiga makofi.

Jovitha alikuwa hacheki. Alikuwa anamtazama mama yake toka chini, na maji yanamtiririka usoni.

"Kwa Alpa umeacha lini?"

"Jovitha, hayo tutazungumza..."

"Lini, Mama?"

"Kabla ya harusi yako."

"Na vile vitenge vya Alpa?"

"Nilinunua mimi."

Jovitha akatikisa kichwa polepole. "Ulisema maji ya Kimara yana ugonjwa. Ulisema unakufa kifua, nikakukuta na samaki. Miaka yote niko dukani, niko dukani, kumbe uko hapa na wahuni unadanganya watu wapande magari. Leo breki. Nikishuka nawe leo, kesho utasema nini?" Akatazama miguu yake. "Miguu yangu imevimba. Nimepata kiti, Mama. Sishuki."

"Nakwambia kweli!"

"Sijui kweli yako inafananaje."

Mama Winifrida akamshika mkono na kumvuta. Alimvuta kwa nguvu, mpaka abiria wakapiga kelele, "We mama! Mwache mjamzito wa watu!" Samson akaja akamtoa kwa upole, mkono begani, "Twende, Bi Harusi, umechoka leo, twende." Yule mwanamke wa mwavuli akapita akakaa kwenye kiti chake, akaweka mfuko wa sare mapajani, akaangalia mbele.

Chini, kwenye maji, Mama Winifrida alisimama na kikapu chake. Kijana akainama kuchukua jiwe. Kule juu, dirishani, aliona bega la binti yake limemgeukia.

Angeweza kubaki. Tuseme ukweli, wengi wangebaki, wangepiga magoti pale kwenye matope na kuomba, na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye alitupa kikapu, mchicha ukaenda na maji, akashika mlango na kupanda.

"Bi Harusi, kazi imeisha," Samson akasema.

"Nakwenda Kimara."

"Acha utani, mama. Hujawahi kwenda popote."

Akafungua pochi akamnyooshea nauli. Samson aliiangalia ile hela kama anayepewa kitu cha wizi, kisha akaipokea bila kumtazama usoni, akagonga bodi na kudandia mlangoni, siku hiyo konda alikuwa yeye. Gari likaondoka.

Alijipenyeza mpaka nyuma ya dereva, akamwinamia sikioni. "Leodegar. Huyu mjamzito ni binti yangu."

Leodegar aligeuka kidogo. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na baridi ile. "Kwa nini hukusema mapema?"

"Nimesema. Shusha watu."

"Wameshalipa, mama. Gari si langu. Nitakwenda polepole."

Na kweli alikwenda polepole. Walipita Msimbazi, wakapita Karume. Kila mahali watu walisimama kwenye kingo za barabara wakipunga mikono, na gari halikusimama, Leodegar hakutaka kusimama kwa sababu alikuwa hana uhakika wa kusimama. Ilala Boma walipita mita chache tu kutoka chumba cha Mama Winifrida, kitanda kimetandikwa, neti imefungwa upya kwa ajili ya mgeni. Alinyoosha mkono akashika nyuma ya kiti cha Jovitha. Jovitha hakugeuka. Abiria walikuwa wanataniana, mtu anasimulia vile alivyoona friji likielea Jangwani.

Kisha barabara ikaanza kushuka.

Alisikia kwanza mguu wa Leodegar. Pap. Pap, pap, pap. Alisikia gia ikilia na kukataa kuingia. Samson akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Magari yaliyokuwa mbele yao, taa nyekundu zimewaka, yakaanza kuwa makubwa.

Jovitha akainua kichwa. Aliisikia na yeye ile pedali. Akageuka, na macho yake yakamtafuta mama yake katikati ya watu.

"Mama."

Mama Winifrida alimwangukia, akamzungushia mikono, mgongo wake mbele na tumbo la binti nyuma yake kwenye kiti, akafumba macho. Leodegar akakata usukani. Pembeni mwa barabara palikuwa na lundo la kifusi lililomwagwa kuziba mashimo, gari likaliparamia, likapanda, likalalia ubavu wa lundo, na vioo vyote vikashuka kwa pamoja.

Baadaye watu walisema Mungu mkubwa, hakufa mtu pale. Walisema Leodegar ni dereva. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa barabarani, miguu imenyooka mbele, anaomba sigara. Samson damu zilikuwa zinamtoka puani. Yule mwanamke wa mwavuli alitolewa kupitia dirishani, mkono wake mmoja umekaa vibaya, mkono usiotazamika, na sare za shule zimetawanyika kwenye tope. Mama Winifrida alipopita karibu yake, akichechemea, mwanamke yule alimtazama.

"Ulisema linafika," akamwambia.

Mama Winifrida alitaka kuinama aokote zile sare, na hapo ndipo alipomsikia Jovitha anamwita. Alikuwa ameegemea kifusi, amesimama, hana hata mchubuko. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya tumbo, ameibandika pale, anasikiliza.

"Hachezi," Jovitha akasema.

"Atacheza. Ameshtuka tu."

"Asubuhi yote alikuwa anacheza. Mama, hachezi."

Kutoka chini ya mteremko daladala ilikuwa inapanda kurudi mjini, taa zimewaka mchana kweupe, karibu tupu, maana siku ile nani alikuwa anakwenda mjini? Ikasimama mbele yao. Konda akatoa kichwa. "Mnawahi hospitali? Pandeni haraka!"

Jovitha akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, kisha akasita. Alimshika mama yake mkono, akaubana, kama alivyokuwa akiubana alipokuwa mdogo wanavuka barabara.

"Hili zima?" akauliza.

Mama Winifrida aliitazama ile daladala. Alitazama matairi, mlango, uso wa dereva kwenye kioo. Magari yote aliyowahi kukaa yalimpita kichwani, na watu waliokaa kwenye joto lake, na hakujua hata mmoja wao alifikaje, kwa sababu hakuwahi kuuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Panda, nakuja nyuma yako."